Fundi Faquir na Flashi ya Bi Amina

Ukitoka bandarini Mocímboa da Praia ukapandisha njia ya sokoni, utakiona kibanda cha Faquir kabla hujamwona Faquir mwenyewe. Kimepakwa rangi ya chungwa, na juu ya mlango pameandikwa ENGENHARIA DE TELEFONES kwa herufi zinazolewa. Injinia! Injinia huyu alianza na kuuza barafu ya samaki, barafu ikamyeyukia. Akawa utingo wa gari la Pundanhar, akagombana na dereva nani anajua njia zaidi, dereva akamshusha katikati ya pori athibitishe. Mwaka ule wa vita, watu walipoukimbia mji, wenzake walirudi na magodoro na masufuria. Yeye alirudi na simu yenye kioo kilichopasuka, kijiwaya kifupi cha kuchomekea flashi kwenye simu, na jina la ufundi. Aliyempa jina hilo mpaka leo hajajitokeza.

Zaida alimjua tangu akitembea bila suruali. Baba yake Zaida na mama yake Faquir ni tumbo moja, kwa hiyo wao ni mabinamu, na binamu ni mtani. Unamtukana asubuhi, adhuhuri unakula kwake, na hakuna mzee wa kukuita barazani. Zaida aliitumia haki hiyo bila ubahili.

Kazi ya Faquir ilikuwa moja tu, nyingine alizitia kwenye kibao kwa ajili ya urefu. Vijana walimletea flashi zao ili watie nyimbo za kupiga kwenye koluna, yale maspika makubwa yenye taa zinazomwekamweka. Faquir anachomeka flashi kwenye simu, simu inamuuliza kama afute kila kitu, anabonyeza ndiyo, flashi inabaki tupu kama tumbo la mfungaji. Kisha anaijaza nyimbo mia tatu, zile zile anazomjazia kila mtu, ndiyo maana mji mzima unaimba wimbo mmoja kama kasuku wa nyumba moja.

"Flashi ni ndoo," husema. "Mwaga kwanza, ndipo ujaze."

Kuuliza ndani ya ndoo mlikuwa na nini, hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Na kichwa chenyewe ni kikubwa, nafasi ilikuwepo.

Sasa Zaida alikuwa presidenti wa kikundi cha tufo. Tufo ni ngoma ya wanawake wa pwani hii: matari manne, safu ya wanawake waliovaa kapulana, yaani kanga, za sare, na wimbo mpya. Mpya, si wa mwaka jana. Kikundi kikienda harusini na wimbo wa zamani, ni sawa na kwenda na wali wa jana. Na wimbo hufichwa. Wanafanya mazoezi milango imefungwa, matari yanapigwa kwa ncha za vidole, maana kikundi kingine kikiusikia kitauimba kabla yenu, halafu ninyi ndio mtaitwa wezi.

Nyimbo za kikundi cha Zaida zilitungwa na Bi Amina. Mwanamke huyo alikuwa hajui kusoma jina lake, lakini alikuwa na beti nyingi kichwani kuliko kuku wa Zaida alivyokuwa na utitiri. Wimbo wake wa mwisho aliutungia ukimbizini kusini, akilima mashamba ya watu. Beti arobaini. Zaida alimrekodi kwa simu, jioni tatu mfululizo. Mwezi uliofuata Bi Amina akafariki, wakamzika huko huko kwenye udongo mwekundu. Simu nayo ikaingia maji. Sauti ilibaki kwenye flashi moja, ndogo kama ukucha wa gumba, ambayo Zaida aliifunga kwenye pindo la kapulana na kutembea nayo kama hirizi.

Wimbo waliuweka. Walingoja harusi inayoustahili, na mwaka huu ikaja: jirani anamwoza binti yake, na kikundi cha Palma, mji wa pili, kimealikwa vilevile. Wanawake kumi na wanane wakaanza kujifunza kwa kuisikiliza flashi kwenye koluna ya Zaida. Beti sita zikaingia. Ya saba, koluna ikakwaruza, ikanyamaza, ikagoma kabisa. Zilibaki siku tano.

Jumatatu asubuhi Zaida akafika kwenye kile kibanda cha chungwa.

"Binamu, hujafa?"

"Nife, simu za mji huu nimwachie nani?"

"Uwaachie wenyewe, zitapona. Nisikilize. Humu mna sauti ya Bi Amina. Koluna haisomi. Nataka uitazame tu, usiongeze, usipunguze. Umesikia?"

Faquir alikuwa ameibana simu nyingine kati ya bega na sikio, anabishana na mtu kuhusu betri. Akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Faquir! Nimesema nini?"

"Binamu, una mdomo mmoja na mimi nina masikio mawili. Nimekushinda kwa hesabu. Njoo baada ya adhuhuri."

Baada ya adhuhuri flashi ilikuwa tayari. Faquir alimkabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa mahari.

"Ilikuwa mgonjwa sana. Nimeitibu. Na kwa kuwa ni wewe, nimekuwekea zawadi."

Zaida hakuuliza zawadi gani. Kwa hilo alijilaumu baadaye, ingawa si kwa sauti.

Alasiri wanawake wakakusanyika uani kwake, wakafunga mlango, wakakaa kwenye mikeka. Zaida akachomeka flashi. Taa za koluna zikawaka nyekundu, buluu, kijani. Badala ya Bi Amina, akatoka mwanamume akimlilia mpenzi wake kwa Kireno, na ngoma inadunda mpaka kifuniko cha mtungi kikacheza. Zaida akabonyeza mbele. Mwanamume mwingine. Mbele. Mwanamke, lakini huyu alikuwa anataka kununuliwa gari. Akabonyeza mpaka kidole kikauma, nyimbo mia tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa na kile kikohozi kidogo cha Bi Amina cha kuanzia.

Mmoja wa wanawake akaanza kulia, Zaida akamwambia anyamaze, akatoka na kapulana ya kupikia ile ile aliyokuwa nayo kiunoni.

Kibandani alimkuta mwalimu Leonel, anayefundisha kompyuta sekondari, amekuja kununua waya wa chaji. Faquir akatabasamu.

"Umeipenda zawadi?"

"Bi Amina yuko wapi?"

"Bi Amina si alifariki?"

"Faquir, nitakuvunjia hicho kibao chako nikifanye kuni. Sauti yake iko wapi?"

Hapo ndipo alipoeleza, tena mwanzoni kwa majivuno. Simu ilimwambia flashi imeharibika, gusa urekebishe. Akagusa. Ikamwambia itafomati, na kila kilichomo kitafutika. Alisoma? Alisoma. Hapo Zaida akamsimamisha.

"Ilikwambia itafuta, ukaona imeandikwa, ukabonyeza?"

"Inaniambia hivyo kila siku mara ishirini, binamu. Nikiisikiliza sitafanya kazi."

"Kumbe hata simu husikilizi! Nilidhani ni mimi tu."

Zaida akamgeukia Leonel. "Mwalimu, wewe umesoma. Inarudi?"

Leonel aliichukua ile flashi akaigeuzageuza, kama watu waliosoma wanavyofanya wakiwa hawana jibu zuri. "Bi Zaida, kufomati peke yake si mwisho. Ni kama kufuta orodha ya majina mlangoni, watu bado wamo ndani. Kuna programu za kompyuta zinaweza kuwatafuta, hata flashi ikiwa na ugonjwa."

"Basi watafute."

"Lakini yeye amejaza nyimbo mpaka juu. Amewaingiza wapangaji wapya kwenye kila chumba. Wale wa zamani hawapo tena."

Faquir akatazama chini. Kufomati kusingemponza, ukarimu ndio uliomponza! Zawadi ndiyo iliyoua. Angekuwa mchoyo kama wenzake, beti zingepatikana.

"Na kopia?" Leonel akauliza. "Si mnayo nyingine?"

Swali jepesi. Miaka miwili wanawake wa kikundi walimwomba: tupe na sisi kwenye simu zetu, presidenti. Akakataa. Simu inaazimwa, simu ina watoto, simu ina shemeji wa Palma. Aliificha sauti ya Bi Amina isiibwe, akaificha vizuri sana, hata yeye mwenyewe sasa hakuwa nayo. Wezi wa Palma wangeiiba, ingekuwepo angalau Palma.

"Hakuna," alisema, akaenda zake.

Usiku na mchana vilipita, na Jumatano akawaita wenzake. Beti sita haziwezi kubeba harusi. Wimbo wa zamani, wali wa jana. Kutokwenda, Palma wangecheka mpaka wafike kwao. Basi watunge. Nani atunge? Wakamtazama yeye. Zaida hakuwahi kutunga hata ubeti mmoja maishani. Alikuwa na matusi tu.

"Matusi nayo yana vina," alisema bibi mmoja wa nyuma. "Yapange."

Katika tufo mtu akikukosea unamwimba, na kanuni ni moja: jina halitajwi. Unaimba kosa, na mwenye kosa anakaa akitokwa jasho pamoja na wasio na hatia. Akijibu, kajifunga mwenyewe.

Jumamosi harusi ilijaa. Palma waliingia kwanza, kapulana zao za njano hazijakunjika hata mara moja, na wakaimba vizuri, Mungu awalaani. Kisha wakasimama wa Zaida. Pembeni, karibu na waya, alikuwa Faquir, maana koluna ya harusi ilikuwa yake na alivaa miwani ya jua kivulini. Matari yakaanza polepole, safu ikainama kwa pamoja, na Zaida akatoa sauti:

*Nilimpa maji fundi, akarudisha mtungi,*
*maji yetu kayamwaga, katia yake machafu.*
*Fundi gani hasikii, na masikio anayo?*

Na wanawake kumi na saba wakapokea:

*Fundi tupe bibi yetu, umemweka wapi bibi?*

Uwanja ukaanza kunong'ona. Fundi yupi? Mafundi wako wengi, wa mitungi, wa mashua, wa cherehani. Ubeti wa pili, wa tatu. Walipofika wa nne, ambapo fundi anamzika marehemu mara ya pili na kumpigia muziki kaburini, Faquir akavua miwani akapaza sauti:

"Mimi nilitaka kuisaidia! Iliniambia imeharibika!"

Kisha uwanja wote ukaangua kicheko, wa Palma wakiwa mbele, na presidenti wao akavua pete akaja kumtunza Zaida mbele ya watu. Bibi harusi mwenyewe alicheka mpaka wanja ukamchirizika. Faquir alitafuta pa kujificha, akaona koluna, akachutama nyuma yake, nayo ikawa inamwekamweka juu ya kichwa chake nyekundu, buluu, kijani.

Ungedhani mtu huyo atahama mji. Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Zaida.

"Binamu, watu wanautaka wimbo. Tangu jana wananiletea flashi. Nilirekodi nikiwa kule nyuma, lakini ubeti wa tatu haukusikika. Naomba uniimbie tena."

Zaida alimtazama mtu huyu aliyetukanwa mbele ya watu mia tatu, naye kaja kuomba matusi yaliyopungua. Ana ngozi ya papa. Alitaka kumfukuza. Lakini alikuwa hajalala vizuri wiki nzima, maana kila akifumba macho alitafuta ubeti wa saba, haupo. Ushindi wa Jumamosi haukumrudishia hata neno.

"Bi Amina alitunga akilima," alisema. "Hakulima peke yake. Wanawake waliokuwa naye walikuwa wanampokea wimbo. Wawili wamerudi Mbau, mmoja yuko Pundanhar."

"Ndiyo, binamu."

"Utakwenda kwa wote. Na hiyo simu yako. Utawasalimu kwa adabu, utakaa chini, utarekodi kila wanachokumbuka. Halafu kila mwanamke wa kikundi changu utamtilia kwenye simu yake. Na ukifuta kitu, Faquir, nitakutungia beti arobaini, na jina nitalitaja."

Alikwenda. Gari la Pundanhar lilimchukua, baada ya dereva kumwapisha asizungumzie njia. Alirudi siku ya sita na vumbi mpaka kwenye kope, na beti kumi na moja. Ukijumlisha na zile sita, kumi na saba. Zilizobaki Bi Amina amekwenda nazo, na hakuna programu ya kuzifuata huko.

Sasa wanajifunza kwa simu kumi na nane. Katika rekodi ya Mbau bibi mmoja mzee anaimba vizuri, sauti imekatika kidogo lakini maneno yamo, na katikati ya ubeti wa tisa Faquir anapiga chafya. Chafya ya mtu mzima, na mzee anasikika akimwambia, "Mwana we, toka nje." Kisha anaendelea.

Wasichana wapya wa kikundi wameshika wimbo kama walivyousikia. Wakifika ubeti wa tisa wanasimama, matari yanasimama, kwa urefu wa chafya moja, ndipo wanaendelea. Zaida anawafokea: si hivyo, Bi Amina hakusimama hapo, hapo pana pua ya yule mjinga! Wanasema ndiyo, presidenti. Wanaanza tena, na wakifika pale, wanasimama.