Sarafu Niliyoisugua kwa Majivu

Nacheka peke yangu ninapoandika haya. Mama Furaha, muumini mwenzetu, alitoa sarafu ndogo ya dhahabu, ya zile zilizotengenezwa chache mno, ili tuiuze na kanisa letu la mtaa wa Albert Park lipate kinanda. Mimi, mzee wa kanisa, ningepelekaje sadaka yenye madoa? Niliisugua kwa majivu na ndimu kama vikombe vya Meza ya Bwana, huku nikiimba. Iling'aa hata nikaona ndevu zangu!

Dukani tulikokwenda pamoja, mnunuzi wa sarafu aliitazama kwa lenzi, akaguna. "Nani amesugua hii?"

Nikadhani ananisifu. "Ni mimi, kwa neema ya Mungu!"

"Eish, mzee! Wakusanyaji wa sarafu adimu hawataki iliyosuguliwa. Sasa nitalipia uzito wa dhahabu tu."

Mama Furaha akajishika mbavu kwa kicheko. "Haya, Papa, kinanda kimekuwa filimbi. Na hiyo usiisugue!"