Zawadi Iliyofika Bila Kadi

Nasema wazi mapema, asije mtu akanisengenya: nina wivu na mdogo wangu. Ni wivu wa kunikosesha hamu ya kula. Mimi ni kifungua mimba, fundi cherehani, mwaka wa ishirini na mbili huu nakanyaga pedeli. Kila gauni alilovaa mama yetu tangu nijue kushika mkasi nimelishona mimi. Shukrani yangu ni ipi? "Haya mwanangu, liweke hapo." Lakini kitinda mimba wake, yule wa benki, akimletea hata kitambaa cha kichwa, mtaa mzima utaitwa uje kukitazama.

Mwaka huu mama alikuwa anatimiza miaka sabini. Nikaapa kwamba safari hii nitasifiwa mimi. Na kwa kuwa nguo za mkono wangu kazizoea, nikaamua kununua mtandaoni, kwenye duka lilelile analonunua mdogo wangu. Nikaona gauni la zambarau, shingo ya duara, bei ya kutupa. Vipimo vya mama ninavyo kichwani mpaka leo, lakini duka lilikuwa na saizi tatu tu: ndogo, ya kati, kubwa. Nikabonyeza kubwa.

Kufika ukurasa wa kulipia, loh! Bei imevimba. Ada ya kufungasha. Ada ya kusafirisha. Ada ya huduma, huduma gani Mungu ndiye ajuaye. Na chini kabisa, kadi yenye jina la mtumaji, nayo inalipiwa. Nikawaka.

"Jina langu mwenyewe nililipie? Hawa wananiona zuzu!"

Kadi nikaiondoa, mengine nikalipa huku nimeuma meno, nikaagiza mzigo upelekwe moja kwa moja kwa mama. Niliamini mama atajua tu. Nani mwingine angemfanyia jambo kama hilo?

Siku yenyewe ilipofika nilifunga kibanda mapema, nikajipulizia manukato, nikaenda kwa mama. Nikakuta majirani wamejaa sebuleni, gauni linapita mkono kwa mkono.

"Njoo uone!" mama akaniita, meno yote nje. "Mdogo wako kaniletea gauni la mtandaoni!"

Nikaganda mlangoni, viatu mkononi. "Nani kakwambia ni yeye?"

"Kwani kuna nani mwingine? Mleta mzigo alikataa kuniachia, eti kuna ada ya kufikisha mlangoni haijalipwa. Nikampigia mdogo wako, akatuma hela papo hapo, wala hakuuliza ya nini. Nikamshukuru, akasema, 'Usijali, mama.'"

Usijali, mama! Ada ambayo duka halikuiandika popote, kaja kuilipa yeye, na gauni zima likawa lake na sifa zake. Roho ilinichoma nikatamani kupiga yowe. Majirani wakawa wanamhesabia mama bahati ya kuzaa mtoto wa namna ile, na mimi, mtoto wa namna nyingine, nikaambiwa nisogeze viti watu wakae.

Walipoondoka, mama akalivaa. Lilimpwaya mabegani, makwapa yameshuka mpaka mbavuni. Akaniita nilibane kwa pini, nikalipunguze nyumbani. Nilibana bega la kwanza kimya. La pili likanishinda. Nikatoa simu mfukoni, nikafungua ujumbe wa malipo wenye jina langu.

"Mama, hili gauni nimelinunua mimi."

Akacheka mpaka pini ikamchoma.

"Wewe? Acha wivu, mwanangu. Mwili wangu unaujua kuliko ninavyoujua mwenyewe. Tangu lini wewe ukanivisha gunia?"

Nikasimama na ushahidi wangu kiganjani. Miaka yote hiyo nimesubiri aseme neno kama hilo kuhusu kazi yangu, na sasa kalisema kwa kuninyima zawadi niliyoinunua. Ningemwonyesha, ningepata sifa za gauni pamoja na aibu ya gunia. Nikaizima simu.

"Inua mkono," nikasema.

Akainua. Kisha akaninong'oneza, ingawa tulikuwa wawili tu chumbani:

"Halafu usije ukamwambia mdogo wako kwamba halikunikaa. Atasikia vibaya, na mwenzio kajitahidi."