Mkwe Aliyeomba Ruhusa Nikiwa Nazama

Nimelificha jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo ngoja niseme upesi kabla sijabadili nia: mimi, mzaliwa wa Kalemie, kando ya ziwa, niliyekua nikisikia mawimbi kitandani, sijui kuogelea. Nilipokuwa chuo kikuu Lubumbashi niliwaambia wenzangu kwamba kwetu huwa navuka ghuba asubuhi kabla ya chai, wakaamini (mtu wa Lubumbashi atabishana nini na mtu wa ziwa?), na uongo huo nikaolewa nao, nikazaa nao.

Likizo iliyopita binti yangu Aline alikuwa ameshaposwa na Fidele, kijana wa Kabalo, na shangazi yake Fidele, Tantine Marselina, akaja kututazama kabla ya harusi, basi tukakodi boti hadi kisiwa kimoja cha mawe upande wa Mpala, tuone viboko kwa mbali na samaki wa mistari chini ya maji. Sasa, kwetu mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe, hata mkono hampi, na Fidele, aliyelelewa vizuri kupita kiasi, alikaa mbele kabisa ya boti akinipa mgongo saa mbili nzima. Akitaka kunipa maji ya kunywa anampa Aline, Aline ananipa mimi.

Tulipofika, vijana wakavaa miwani ya kuzamia, ile yenye kipira cha kupumulia kama mrija, wakaanza kushangilia samaki. Mimi nikabaki mwambani na ndagala zangu za kukaanga, wale dagaa wa kwetu.

"Mama Aline," Tantine akaniuliza, "na wewe unaogopa maji kama mie?"

Ningeweza kusema ndiyo, nikaendelea kula. Badala yake nikajibu, "Mie? Mie niko mutoto wa ziwa!" nikakaza kitenge, nikaomba miwani ya Aline, nikaingia.

Hatua tatu za kwanza zilikuwa tamu. Ya nne haikuwa na chini. Kitenge kikajaa hewa kikavimba juu yangu, kipira kikajaa maji, nikawa napiga mikono ovyo, na nilichosikia ni Tantine akipiga kelele, "Kiboko! Kiboko huyu hapa!" (Kitenge kilikuwa cha kijivu, simlaumu sana.)

"Haiko kiboko, ni Mama!" Aline akalia. "Fidele, mushike!"

Fidele, mrefu kama mlingoti, alikuwa karibu nami, maji yamemfika kifuani. Akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, akauliza kwa heshima zote:

"Mama, unaniruhusu nikushike?"

Jamani! Nilitaka kusema ndiyo, lakini kinywani nilikuwa na ziwa zima, kichwa kikawa kinakwenda huku na huku, naye akaelewa nimekataa, akarudi hatua moja nyuma. Basi nikamrukia. Nikamkumbatia shingo, miguu nikamzungushia kiunoni, nikamng'ang'ania hivyo hadi ufukweni, kitenge kikabaki ziwani (Mungu ni mwema, ndani nilikuwa na kaptula ya mume wangu). Tantine alijifunika macho kwa viganja, vidole vimeachana.

"Ulikuwa unazama?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. "Kuzama? Nilikuwa najaribu tu kile kipira!"

Akaondoka na jibu hilo hadi Kabalo. Wiki nzima Fidele hakupiga simu, Aline hakula, nami nilijifanya sioni sahani zikirudi jikoni zimejaa.

Jumapili, baba yake Fidele akapiga, nikaweka simu kwenye spika, Aline upande huu, mume wangu upande ule.

"Mama Aline, tumeikala chini na wakubwa. Swali ni moja tu. Kama unajua kuogelea, basi ulimukumbatia mutoto wetu bure, na hiyo ni haya kubwa, ndoa haitawezekana. Kama haujue, ilikuwa ajali, hakuna kosa. Unajua ao haujue?"

Nikafumba macho. "Papa, sijui. Sijajua hata siku moja."

"Hata siku moja?" Huyo alikuwa mume wangu.

Upande wa pili watu kama kumi wakaangua kicheko, Tantine akisikika juu yao wote: "Nilisema! Ile haikuwa kuogelea!" Mzee akawanyamazisha.

"Basi imekwisha, Mama. Harusi iko. Ila huku tuko na muto Lualaba. Siku hiyo utakaa katikati ya muji."