Sombe ya Jirani

Andika, Neema mjukuu wangu, wala usirembe. Mimi ni binti wa Bahati, mchunga ng'ombe, na wa Mwavita, mkulima; nilizaliwa katika vilima vya Masisi, na aibu nitakayoisimulia niliifanya hapa Keshero, nikiwa mtu mzima mwenye akili timamu (hivyo nilijidhania).

Tumbo langu lilikuwa likivimba huku mikono ikikonda. Nilipojigeuza, kitu ndani nacho kiligeuka, polepole, baada yangu. Badala ya kumwambia mama yako, nilikwenda peke yangu kwa munganga mmoja wa Kibati, naye, bila kunigusa, akauliza, "Chakula cha mwisho nje ya nyumba yako ulipewa na nani?" Nikamtaja jirani yangu, aliyeuza sombe, yale majani ya muhogo yaliyopikwa, pale njiani. Akainamisha kichwa. "Ni karuho," akasema, yaani ile sumu ya polepole tunayoiogopa huku. "Lakini mimi sikutaja mutu. Umetaja wewe."

Nililirudia jina lile kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake waliopanga foleni, na kabla ya adhuhuri watu walijaa uani kwake, wengine wameshika mawe ya volkano.

Alitoka na sufuria, akaketi mbele yangu. "Mama, sombe ni ileile. Angalia vizuri." Akala kijiko baada ya kijiko, hadi chini, akinitazama bila kupepesa, na hakuna aliyekohoa. Katika kimya kile tumbo langu likanguruma, kwa muda mrefu, kama mtu anayejibu.

"Eh, muzee," sauti ikasema nyuma, "karuho yako iko na njaa." Wakacheka, wakaangusha mawe, lakini tangu siku ile hakuna aliyenunua kwake.

Mama yako alinipeleka hospitali. Daktari akasema, "Tumbo linavimba kwa ini, kwa moyo, kwa minyoo, choo kikikwama, wengine hata kwa maziwa. Tuone kwanza, tuseme baadaye." Ekografi, ile mashine ya kupiga picha ndani ya tumbo, ikaonyesha kifuko cha maji kwenye ovari, kikubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga, kilichokua miezi mingi kabla ya sombe ile. Wakakitoa.

Nilipoweza kutembea, nilikwenda kumpigia magoti. Mlango ulikuwa wazi, mbabula, jiko lake la makaa, baridi, sufuria imeoshwa na kufudikizwa. Wanasema alivuka mpaka pale Bunagana. Nyumba ile hadi leo haina mpangaji, na nikipita mbele yake sigeuzi kichwa.

Sitamshtaki tena mtu kwa ugonjwa ambao haujapimwa. Itunze picha ya ekografi, Neema. Tumbo la yeyote wa nyumba hii likivimba, mwonyeshe, kisha mpeleke apimwe. Jina langu liandike lote. La yule mama usiliandike popote; kinywa changu kimelitumia vya kutosha.