Mgeni wa Jumanne

Nilichokiona kwanza ni viganja vyake. Kila Jumanne, kabla hajamgusa bibi, huvisugua mpaka vipate joto, kisha humuuliza, "Bibi, nikugeuze, au kwanza umalize kunisengenya?" Bibi, ambaye madaktari sasa wanamtuliza maumivu tu, hucheka kwa mabega. Mgeni wetu anajitolea, hakuna anayemlipa. Hukata kucha zake fupi kabisa, na hukalia kiti cha mama makusudi, ili mama akose pa kukaa, atoke.

Kwa maana mama, anayemuuguza bibi, alikuwa hajavuka lango kwa miezi minne. Mara ya kwanza alipotumwa dukani alirudi baada ya dakika tano, mikono mitupu.

"Dada, duka limehamia mlangoni?" mgeni akamuuliza.

"Nilihisi ataniita," mama akajibu.

Bibi akafumbua jicho moja. "Nenda, mwanangu. Mimi siondoki bila kuaga."

Mgeni hakucheka. Alimshika mama mkono kwa viganja vile vya moto, akasema, "Rudi dukani. Mkate tu." Wiki iliyofuata mama alikaa nje nusu saa, kisha saa nzima, juzi alirudi amesuka nywele. Sijui nitamshukuruje mtu huyu. Jumamosi ni mahafali yangu, naye atakuja kukaa na bibi tangu asubuhi, ingawa si siku yake. Gauni la mama limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni, na leo bibi ameuliza mara tatu kama kesho ndiyo Jumamosi.