Siku ya Kumuaga Bibi Hajira

Ritha wa Masuguru, mjini Korogwe, ni fundi cherehani, lakini wengi wanamjua kama katibu wa Umoja wa Faraja. Umoja huo ni wa kuzikana. Wanachama wake ni watoto na wajukuu wa vibarua waliokuja zamani kukata mkonge, Waislamu na Wakristo pamoja. Wengine wanaishi Masuguru, wengine walihamia Kwedizinga, wilayani Handeni, wakawa wakulima. Mtu akifiwa, umoja unapeleka turubai, viti, masufuria na wanachama wenyewe. Hakuna udhuru isipokuwa ugonjwa, na usiku wa kwanza wote hulala msibani.

Kanuni hiyo iliwekwa na Bibi Hajira, muasisi wa umoja. Mwaka huu macho yake yalififia kabisa, akawa anatafuta mlango wa nyumba yake kwa kupapasa, na mwanawe Mustapha akaja kumchukua ampeleke kwake Mwanza. Kila mtu alielewa kwamba kwa umri ule hatarudi. Ritha, ambaye alifiwa na mama yake akiwa binti mdogo na kulelewa na huyo bibi, aliomba jambo moja kwenye kamati: Bibi Hajira aagwe akiwa hai, asikie shukrani kwa masikio yake.

"Sisi tumezoea kumshukuru mtu akishakuwa hasikii," alisema.

Alipanga kwa uangalifu mkubwa. Ijumaa haikufaa kwa sababu ya swala, na siku ya gulio nusu ya wanachama wangekuwa sokoni. Jumapili alfajiri Mustapha alikuwa anasafiri, likizo yake imekwisha. Ikabaki Jumamosi. Kila kazi aliikabidhi kwa mtu mmoja anayejulikana: wa kupika, wa kuongoza shughuli, wa kutafuta lori la kuwaleta wa Kwedizinga. Kwenye kikao cha mwisho Janeth, mtunza vyombo, akauliza, "Na siku hiyo tukipata msiba?"

"We Janeth, hebu fumba mdomo!" Mzee Valerian, mwenyekiti, alimkemea. "Siku ya furaha unatuitia kifo?"

"Nimeuliza tu, mzee."

"Uliza mambo ya pilau."

Watu wakacheka. Ritha naye alicheka, wakaingia kwenye mambo ya pilau. Hivyo ndivyo umoja ulioundwa kwa ajili ya misiba ulivyopanga siku yake kubwa bila kuutaja msiba.

Jumamosi asubuhi turubai lilikuwa limeshasimamishwa mbele ya nyumba ya Bibi Hajira na mchele umeshachambuliwa, simu ilipopigwa kutoka Kwedizinga. Mzee Mhina, mwanachama wa siku nyingi, amefariki alfajiri. Atazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo.

"Tuazime turubai jingine," Ritha alisema haraka. "Masufuria tuyagawe."

"Turubai utaazima, mwanangu," Mzee Valerian alijibu kwa upole. "Watu utawaazima wapi?"

Wa Kwedizinga hawangeweza kumwacha marehemu wao, na wa Masuguru walikuwa wameshaanza kufungua kamba za turubai bila kuambiwa. Mchele, nyama na viungo navyo vikapakiwa. Ritha aliingia ndani kumwambia bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona nasikia viti vinaondoka? Nani?"

"Mzee Mhina wa Kwedizinga."

"Innalillahi." Bibi akapapasa ukuta, akainuka. "Mustapha, nipe kanga zangu."

"Mama, utakwenda wapi? Barabara ile itakuvunja mgongo, na kesho tuna safari ya siku nzima."

"Mhina alimzika baba yako!"

"Najua, mama. Sasa usipopata nguvu ya kusafiri nitafanyaje? Kazini wananisubiri."

Bibi akamgeukia Ritha kama anayeomba msaada. Ritha alijua Mustapha anasema kweli, akainamisha kichwa.

"Bibi, na sisi tulitaka kukuaga," alisema.

"Mtaniaga vipi na mtu hajazikwa? Nenda. Usije ukatozwa faini, wewe ndiye katibu."

Ritha akapanda lori pamoja na masufuria. Alasiri walimzika Mzee Mhina, jioni akawapakulia waombolezaji pilau aliyokuwa ameipangia shughuli nyingine, na usiku alilala mkekani pamoja na wanachama wote waliokuwa wamepangwa kusema neno la shukrani. Hakuna gari lililoondoka usiku kurudi Korogwe.

Asubuhi alimpigia Mustapha. Basi lilikuwa limeshaondoka. Simu ikawekwa kwenye sikio la bibi.

"Watu walikula?" bibi aliuliza.

"Walikula, bibi."

"Ilitosha?"

"Ilitosha. Bibi, sikiliza, hapa nipo na watu wote, kila mmoja alikuwa na neno lake..."

"Sema kwa sauti, gari linanguruma."

Ritha akapaza sauti hadi wafiwa wakageuka kumtazama. Aibu ikamshika, akaishusha, na kabla hajapata neno jingine mtandao ukakatika. Akapiga tena. Haipatikani. Wanachama waliokuwa wamesogea karibu wasikie walisimama kidogo, kisha mmoja mmoja wakarudi kukaa. Janeth akamwita kutoka jikoni aje wabandike maji ya chai.