Hapo Kati Una Nani?

Mama alipiga simu Jumapili akasema nikimaliza mtihani wa kidato cha nne nianze kushughulikia pasipoti, maana safari hii anataka tuipite wote ile barabara yake ya Ujerumani. Nikajibu sawa mama. Mimi kwenye simu huwa sina maneno mengi, unanijua. Nilipokata nikaenda jikoni, nikautungua ungo wa bibi ukutani ili nichambue maharage ya jioni, na hapo ndipo mikono ilipogoma. Maana ule ungo, rafiki yangu, ndio uliokuwa ramani yetu.

Nilikuwa darasa la tano. Tulikaa hapahapa Katandala, mjini Sumbawanga, mimi, bibi mzaa mama, na mjomba mwenye bodaboda. Mama alikuwa ameshaondoka kwenda Ujerumani kuhudumia wazee. Ilikuwa miezi ile ya baridi, na baridi ya Sumbawanga haina adabu, inapita chini ya mlango kama kuku. Jioni tulijibana jikoni. Bibi anasonga ugali wa ulezi, moshi wa kuni za mkaratusi unatutoa machozi sote, na mimi kazi yangu maharage.

Kwa bibi, hakuna aliyesafiri bila kupita kwenye ungo. Hata ukienda Msanzi tu. Anachagua maharage makubwa, anayapanga: hili hapa nyumbani, hili Msanzi kwa dada yake. Kisha anagusa ule uwazi wa katikati kwa kidole na kuuliza, "Hapo kati una nani?" Lazima utaje mtu. Shemeji, mtu wa jumuiya ya kanisani, hata mama aliyewahi kukuuzia kuku. Ukimtaja, haragwe la tatu linawekwa. Usipokuwa naye, huendi.

Mjomba alikuwa akimtania. "Mama, mimi nina pikipiki, siendi kwa miguu kama nyie wa zamani."

"Pikipiki itaniletea habari kwamba umeanguka?"

Mjomba anataja mtu. Sote tulijua bibi anamfikiria baba.

Baba alikuwa anafuata dagaa Kabwe, kule ziwani. Safari ya mwisho alidandia lori alilolikuta tu stendi, halikupangwa kwenye ungo wa mtu. Likapinduka kule mteremkoni, ziwa linapoanza kuonekana. Njiani hakukuwa na aliyekuwa anamngojea, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mbona hajafika. Habari ilitufikia baadaye sana. Muda wote huo sisi tulikuwa tunakula, tunacheka, mimi naringia viatu alivyoniahidi. Mpaka leo nikicheka sana huwa nashtuka katikati.

Sasa jioni moja mama akapiga, sauti imejaa furaha. Amepata likizo. Yeye na mwenzake wa kazini mwenye gari watakwenda kutoka Rothenburg, mji wa kale wenye ukuta ambao watu hutembea juu yake, hadi Füssen, mji mwingine wa kale chini ya milima.

"Kuna nini huko?" bibi akauliza. "Msiba?"

"Hapana mama. Tunakwenda kutazama. Barabara yenyewe ni nzuri, watu wanaipita kwa ajili ya uzuri wake."

"Njia nzuri ni ile inayofika."

Akanituma niulete ungo. Haragwe moja upande huu, moja upande ule. Kidole kikatua katikati, nami nilijua swali kabla halijatoka.

"Mama, huku si kama nyumbani," mama akasema. "Unalipia chumba, unalala."

"Anayekulaza kwa hela hatakuuliza umechelewa wapi."

Zikaanza wiki za kupanga. Kila Jumapili baada ya misa mama anapiga, mimi ndiye mshika simu. Mjomba alinionyesha picha kwenye simu yake: nyumba zenye mbao usoni, mapaa mekundu, maua madirishani. Mshikaji wake mmoja alisema poa sana, kama keki. Mimi zilinitisha. Ile barabara ilikuwa tupu. Hakuna anayechoma mahindi, hakuna mtoto anayechunga ng'ombe, hakuna hata bibi mwenye mzigo wa kuni. Gari likiingia mtaroni pale, nani ataona? Nilikuwa nalala na picha hizo. Nilitaka kumwambia mama usiende. Kila Jumapili nilijiandaa, na kila Jumapili nikasema sawa mama.

Mwishowe mama akampata mtu. Mmoja wa wazee anaowahudumia alikuwa na dada yake, mjane, kwenye kamji kadogo katikati ya safari. Amesema wapitie wanywe kahawa.

"Mpe namba yetu," bibi akasema.

"Atafanya nayo nini mama? Hajui Kiswahili."

"Mpe."

Haragwe la tatu likawekwa, jekundu. Bibi akauacha ungo juu ya kabati na kutukataza tusiuguse.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mama alisema akifika kwa yule mjane atapiga, kwetu itakuwa mchana. Mchana ukaja, ukapita. Nilikuwa nafua sare, kila povu likipasuka naona simu inaita. Bibi hakupika. Alikaa kizingitini akitazama barabara yetu ya vumbi, kana kwamba mama angetokea pale.

Simu ikaita. Namba ndefu, ngeni. Nikapokea, mikono imejaa sabuni. Sauti ya mwanamke mzee, Kijerumani kitupu. Nilichoelewa ni jina la mama tu. Alilitaja kwa kuuliza. Akalitaja tena.

Nikaelewa. Kama anamuuliza mama kwetu, basi mama hayupo kwake. Nikaanza kulia.

Bibi alichukua simu. Akasikiliza. Kisha akajibu kwa Kifipa, polepole, kama anavyoongea na jirani ng'ambo ya ukuta. Yule akajibu kwa lugha yake. Wakaendelea hivyo, huyu na yule, wala hakuna aliyekata. Sauti ya bibi ilikuwa imara. Alipomaliza akaniambia, "Huyu ni mtu. Ameuliza."

Jua lilikuwa linazama simu ilipoita tena. Yule mjane tena, halafu kelele, halafu mama, anacheka na kulia. Tairi lilipasuka porini, simu zao zikaisha chaji. Yule mjane, bibi wa watu, alimtuma mtoto wake awafuate njiani. Amewapikia supu.

"Mwambie shikamoo," bibi akasema, na hapo ndipo alipokaa chini, sakafuni kabisa.

Bibi alifariki mwaka juzi. Jikoni sasa kuna gesi, moshi hakuna. Watu wa mtaani wanaondoka alfajiri na kufika jioni, wanatuma ujumbe "nimefika", basi. Mama anasema nisiogope, simu itatuonyesha njia yote, tutakuwa nukta kwenye ramani. Lakini nukta ikisimama, nani ataingiwa na wasiwasi?

Ndiyo maana jana nilifanya kitu ambacho sikuwahi kufanya. Nilimpigia mama mimi mwenyewe, ungo umekaa magotini, maharage mawili yamepangwa. Nikamuuliza, "Hapo kati tuna nani?"

Mama akaanza na yule mjane wa supu.

"Alifariki wakati wa theluji, mwanangu. Sikukwambia." Akavuta pumzi. "Lakini yupo palepale, makaburini. Tutasimama tumwamkie. Na mtoto wake nitampa namba ya mjomba."

Nikachagua haragwe jekundu, nikaliweka katikati. Lilichukua muda kutulia.